Kikombe Chekundu cha Mabatini: Kisa cha Mama Mkubwa Aliyekataa Maji

Dada alinipigia saa tisa alasiri, Jumanne ya katikati ya Septemba, nikiwa natoka zamu. "Mama hajaamka vizuri tangu asubuhi. Anaongea na marehemu baba, halafu anasinzia tena. Nadhani ule ugonjwa wake umefika mwisho."

Huyu dada ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Kwetu huyo ni dada tu, hakuna cha binamu. Mama Mkubwa ana miaka 78, na ugonjwa wa kusahau ulianza kumwandama kama miaka minne nyuma. Alianza kupotea njia ya sokoni, akafuata kusahau majina ya wajukuu, kisha ikawa anatafuta usiku kucha funguo za banda la dagaa aliloliuza zamani. Maisha yake yote alifanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Mimi ni muuguzi, na naandika kisa hiki kwa ruhusa ya Dada. Sehemu kubwa ya makosa yaliyomo ni yangu.

Nilishuka kwenye daladala nikapanda mlima kwa miguu. Mabatini ni jina linalojieleza: nyumba zimebanana katikati ya majabali, juu bati, na nyingi hazina silingi bodi. Septemba ni kati ya miezi yenye joto zaidi Mwanza, kabla vuli haijatulia. Nje kivulini utasema ni nyuzi 30 tu, hali ya kawaida, hasa upepo wa ziwani ukianza kuvuma. Ndani ya chumba chenye dirisha moja chini ya bati ni habari nyingine kabisa, na lile jabali la nyuma ya nyumba, likishaota jua kutwa, huendelea kutema joto mpaka saa tatu usiku.

Nilimkuta kitandani amevaa sweta. Alivaa mwenyewe asubuhi na hakuna aliyemvua. Ulimi ulikuwa mkavu, umepasuka katikati kama ardhi ya mbuga wakati wa kiangazi. Mapigo ya moyo 108 kwa dakika, presha 96 kwa 58. Kwenye kopo kulikuwa na mkojo kidogo, rangi ya chai iliyokolea majani. Nilivuta ngozi ya mkono wake kwa mazoea ya wodini, ingawa kwa mzee ngozi haikuelezi mengi kwa sababu imeshalegea hata akiwa mzima. Ulimi na mkojo vilitosha kunieleza.

Nilimwambia Dada kitu ambacho ningependa kila familia yenye mgonjwa wa aina hii ikijue. Demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, hushuka polepole, kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa anakula na kucheka Jumamosi, kisha Jumanne hajui mchana wala usiku, ana jambo jingine lililopanda juu ya demensia. Huenda ni upungufu wa maji, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, sukari, au dawa. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, si la kusubiri kuche.

Hospitali walipima vyote hivyo. Malaria hakuna, sukari sawa, mkojo hauna maambukizi. Figo ndizo zilikuwa zimeanza kulalamika. Aliwekewa dripu usiku huo, na daktari akasimamisha kwa muda kidonge kimoja cha presha, kile cha kukojoza maji, akatupa tarehe ya kurudi kupima kabla ya kukirudisha. Nasisitiza kwamba aliyekisimamisha ni daktari. Dada alikuwa ameshawaza kumwachisha vidonge vyote nyumbani, na presha ikiachwa hivyo nayo ina madhara yake. Ila swali la "hizi dawa zake zinafaaje siku za joto?" ni swali halali kabisa la kumuuliza daktari, na hatukuwahi kuliuliza.

Alhamisi Mama Mkubwa alimtambua mwanawe. Ijumaa akarudi nyumbani. Jumatatu iliyofuata alikuwa amekunywa mililita 650 kutwa nzima, na mkojo umerudi rangi ile ile.

Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza. Familia ilikuwa na jibu moja: "Anakataa maji." Hata mimi niliandika hivyo kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: *anakataa*. Ilituchukua wiki mbili kugundua kwamba neno hilo lilikuwa limefunika mambo matatu tofauti, na hakuna hata moja lililokuwa kukataa maji.

Ratiba ya muuguzi

Nilijua hesabu. Miongozo ya lishe ya Ulaya kwa wazee inataja angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume, isipokuwa kama moyo au figo zina katazo la daktari. Nilijua pia kwamba kwa mzee kiu hufifia. Mwili unaweza kuwa na uhaba mkubwa na koo lisidai kitu, huku figo zilizozeeka zikishindwa kubana maji kama zamani. Ongeza demensia, na hata ile kiu kidogo inayobaki, mtu anaweza asiitambue, au aitambue na kusahau kabla hajafika kwenye ndoo.

Kwa hiyo nikatengeneza ratiba. Glasi nane za mililita 200, kila baada ya saa moja na nusu, na simu ya Dada iite. Simu ilipoita, mtu anaingia chumbani na kuuliza, "Mama, unataka maji?" Anajibu, "Hapana mwanangu, nimeshiba." Kutwa mara nane, hapana nane. Sasa ukilifikiria, ni swali baya. Linamtaka asikie, aelewe, ajipime mwili wake, aamue, kisha aseme. Mtu ambaye nusu ya njia hiyo imebomoka atachagua jibu la salama, na jibu la salama ni hapana.

Siku ya tatu nilipoteza subira. Alikuwa amejilaza kwenye mto, nikachukua kijiko nikamtilia maji mdomoni. Alikohoa mpaka macho yakamtoka machozi, akanishika mkono na kuusukuma kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Mimi, ambaye wodini nafundisha wanafunzi kwamba mgonjwa asinyweshwe akiwa amelala! Maji mepesi hukimbia, na kwa mtu ambaye kumeza kwake kumepungua kasi, yanaweza kupotea njia yakaingia mapafuni na kuleta nimonia. Anyweshwe ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, funda dogo, kisha umsubiri. Tazama kongomeo lipande na kushuka kabla hujaleta funda jingine, na baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Akikohoa kila akinywa, au sauti ikiwa ya majimaji baada ya funda, au homa zikija bila sababu, hilo linataka mtu wa afya alitazame. Vyote nilikuwa navijua siku ile.

Baada ya hapo akiniona na glasi aligeukia ukutani.

Mjukuu na dagaa

Binti wa Dada yuko kidato cha tatu, na wiki hiyo alikuwa nyumbani kwa likizo fupi. Hakuwa amepewa kazi yoyote ya uuguzi. Asubuhi moja alitandika mkeka kivulini, akamwaga dagaa kwenye ungo ili awachambue, na kando yake akaweka uji wake kwenye kikombe chekundu cha plastiki, vile vya mkono vinavyouzwa kwenye kila genge. Bibi alikuwa ametolewa kuketi naye ili Dada afagie chumba.

Nilikuwa mlangoni, nikaona yote. Kwanza Bibi alitazama ungo. Kisha mkono ukaenda wenyewe. Akatoa kijiwe, akatoa dagaa aliyevunjika, akatoa kipande cha konokono, vidole vinakimbia kama vya mtu wa miaka 40. Mjukuu hakusema kitu. Akachukua kikombe chake, akanywa, akashusha pumzi ya "aah" na kukirudisha chini, karibu kidogo na Bibi. Bibi akachambua, akatoa wengine wawili, kisha akakichukua kile kikombe na kunywa uji wa mjukuu wake mpaka nusu. Akakiweka chini, akasema, "Hawa wa Igombe. Mchanga mwingi."

Mjukuu akaenda kujaza vikombe viwili.

Nilichokiona pale ni mambo kadhaa kwa wakati mmoja, na nimeyachambua baadaye. La kwanza, hakuulizwa. Mwenzake alikunywa naye akanywa, kwa sababu kuiga hubaki muda mrefu baada ya kuelewa maneno kupungua. La pili ni saa na kazi. Miaka arobaini Mama Mkubwa alikunywa uji wake asubuhi mapema akiwa kazini, dagaa mbele yake, kelele za wachuuzi masikioni. Sisi tulimpelekea maji kitandani, peke yake, saa zilizopangwa na simu. Maishani mwake hakuna mahali ambapo maji yalimjia hivyo.

La tatu ni kikombe. Usiku ule nilirudi chumbani kwake nikaitazama meza yake ndogo: kitambaa cheupe cha kufuma, juu yake glasi ya kioo, ndani yake maji. Kitu kisicho na rangi ndani ya kitu kisicho na rangi juu ya kitu cheupe. Ubongo wenye demensia hupata shida kutenganisha vitu vya rangi zinazokaribiana, hata macho yenyewe yakiwa mazima. Huko Boston watafiti walichapisha mwaka 2004 jaribio dogo la wanaume 9 wenye Alzheimer iliyokomaa, aina moja ya demensia. Vyombo vyeupe vilipobadilishwa vikawa vyekundu, walikula asilimia 25 zaidi na kunywa asilimia 84 zaidi. Watu 9 ni wachache mno kujengea sera, lakini kikombe chekundu ni cha bei ya chini, hakina madhara, na nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu.

Kwa nini alikuwa ndani

Hili nusura nisiliandike. Tulikuwa tumemfungia kwenye chumba cha bati mchana kutwa, na si kwa kutojua joto. Dada alikuwa anaogopa majirani.

Wanaokaa Usukumani hawahitaji maelezo marefu. Bibi kizee anayeongea peke yake usiku, anayetangatanga, mwenye macho mekundu ya miaka mingi ya moshi wa jikoni: wanawake wameuawa kanda hii kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu hizo tu, na watu wazima wote tunakumbuka habari zake. Dada aliona usalama wa mama yake uko nyuma ya mlango. Simlaumu hata kidogo. Lakini mlango ule ule ulikuwa unamkausha.

Tulichofanya ni kwenda nyumba nne zinazotuzunguka, mimi nikiwa na sare yangu ya kazi makusudi, tukaeleza: Bibi ana ugonjwa wa ubongo, unaitwa demensia, unapimwa na una jina hospitalini. Utafiti wa wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, mwaka 2010 ulikuta takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao, kwa hiyo hata kwenu unaweza kuja. Mama mmoja akasema, "Kumbe! Na mama mkwe wangu kule Magu yuko hivyo hivyo." Tangu hapo huyo mama ndiye anayemsalimia kila asubuhi, "Mwangaluka mayu," na Mama Mkubwa hujibu kwa Kisukuma kilichonyooka. Sasa huwa nje asubuhi upande wa magharibi wa nyumba, na saa sita anahamishiwa mashariki, mbali na lile jabali. Sweta tumeificha. Jua likizidi, Dada hulowesha kitambaa na kumfuta shingo, mikono na miguu.

Kanga chini ya godoro

Kwa wiki moja daftari lilipanda: 900, 1,100, 1,250. Likakwama hapo. Asubuhi alikunywa vizuri, ikifika saa tisa anafunga mdomo. Tulifikiri ni uchovu.

Mjukuu tena. Alikuwa anatandika kitanda akakuta kanga mbili chini ya godoro, zimekunjwa vizuri, mbichi, zinanuka. Alipomuuliza Bibi taratibu, akajibu kwa kunong'ona, "Nikinywa, watanisema."

Choo chetu kiko nje, unashuka ngazi tatu za mawe, usiku hakuna taa. Mwezi wa Agosti alishindwa kuwahi, akalowesha godoro, na Dada, aliyekuwa hajalala usiku wa pili, alimfokea. Mara moja tu. Mama Mkubwa hakumbuki alichokula asubuhi hii, hakumbuki kwamba mumewe amefariki, lakini aibu ile ilibaki. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: tukio hufutika, hisia yake inabaki imekaa. Kwa hiyo mtu tuliyemwita mbishi alikuwa na mpango wake, na mpango wenyewe ulikuwa na akili. Alikuwa anajinyima kuanzia mchana ili usiku asifedheheke.

Dada alilia siku hiyo, kisha akaenda kwa fundi. Kiti cha plastiki kikatobolewa tundu katikati, kikapigwa msasa kingo zisikwaruze, chini ikawekwa ndoo yenye mfuniko. Kiko karibu na kitanda, na taa ndogo ya sola inawaka juu yake usiku. Mchana anapelekwa chooni kila baada ya saa mbili bila kuulizwa kama amebanwa: "Mama, twende huku mara moja." Vinywaji vingi tunavimaliza kabla ya saa kumi na moja jioni, kisha ni mafunda tu. Na imepigwa marufuku, hata kwa watoto, kusema neno lolote kuhusu kulowesha. Unabadilisha shuka unaongea habari za dagaa.

Sahani

Kuhusu kula nitasema kwa kifupi, kwa sababu mengi yalijipanga yenyewe maji yalipokaa sawa. Mtu aliyekauka hana hamu ya kula, na choo kigumu humwondolea hata ile kidogo iliyopo.

Tulikuwa tunampa kijiko. Mwanamke wa kanda ya ziwa, ugali, kijiko! Alikuwa anakigeuza geuza mkononi kama kifaa cha fundi. Mjukuu aliporudisha birika na beseni, akamnawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu kabla ya chakula, Mama Mkubwa alijua wazi kinachofuata, akakaa sawa na kukunja mkono wa gauni. Maneno "chakula tayari" yalikuwa hayamfikii tena, lakini maji yanayomwagika juu ya vidole yanamfikia.

Sahani yake sasa ina kitu kimoja kwa wakati. Sato tumemwachia wenye macho ya kuona miiba. Yeye anapata mnofu wa sangara uliopapaswa na mtu kwanza, na mchuzi mwingi ambao ugali unaunywa. Katikati ya siku anapewa vitu vya kushika, kwani hawezi kutulia kwa mlo mrefu: kipande cha tikiti, papai, chungwa lililomenywa na kutolewa mbegu, kiazi kitamu kilichochemshwa. Tikiti zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji, kwa hiyo tunaliandika daftarini. Mtindi na uji pia tunaviandika. Na chai. Kuna watu wanaamini chai haihesabiwi kwa sababu inakojoza. Chai ya kawaida inahesabiwa, mpe.

Kuna jirani alileta pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, awe anakunywa kila siku. Hizo tulishukuru tukaziweka. Zina chumvi, na yeye ana presha. Ni za siku ya kuhara au kutapika, zichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na zikishapita saa 24 zimwagwe.

Kufikia wiki ya kwanza ya Oktoba daftari lilikuwa linasoma kati ya 1,500 na 1,700 siku nyingi. Kuna siku za 1,000 na hatujui kwa nini. Tunatazama mkojo: ukiwa wa manjano hafifu tunalala, ukikolea siku mbili mfululizo nampigia daktari. Kidonge cha kukojoza hakijarudishwa, presha inakaa vizuri bila hicho.

Novemba Dada alinipigia tena, sauti ile ile ya Septemba. Mjukuu amesharudi shule. Mama siku ya pili hanywi. Dagaa anachambua, ananawa, anakula, ila kikombe hakigusi. Amebadilisha nini? Hajabadilisha chochote. Kikombe ni kile kile chekundu, mahali pale pale, uji ule ule.

"Chini ya kikombe kuna nini?" nikamuuliza.

Kimya kidogo. "Kitambaa cha meza. Kile kipya, nilinunua Jumamosi."

"Rangi gani, Dada?"

Nilisikia vyombo vikigongana, kitambaa kikivutwa.